Madoa meupe yanayorudi baada ya tiba

Ndugu, umeuliza kwa nini madoa meupe yamewarudia samaki wako siku chache baada ya kutia dawa bwawani, na kama watafiti wamepata chanjo. Madoa hayo husababishwa na kimelea aitwaye Ichthyophthirius multifiliis, ambaye hujificha chini ya ngozi na ndani ya matamvua, ambako dawa ya majini haimfikii. Akishakomaa huanguka, hujizungushia utando na kugawanyika mara nyingi hadi kutoa mamia ya wachanga wanaoogelea kutafuta samaki. Hao waogeleaji, ambao hufa wasipompata samaki ndani ya siku moja au mbili hivi, ndio pekee wanaouawa na dawa. Kwa hiyo tiba hurudiwa kwa kufuata joto la maji: katika nyuzijoto 25 za Selsiasi mzunguko mzima huchukua chini ya wiki moja, ilhali katika nyuzijoto 10 huchukua wiki kadhaa. Wengi hukosea hapa, nami nilikosea. Kuhusu chanjo, imethibitishwa kwamba samaki aliyepona hupata kinga, lakini kumzalisha kimelea huyu kwa wingi bila samaki, ili kutengeneza chanjo, bado ni kikwazo kikubwa.