Rada inajuaje kama nyanya ameanguka au ameketi tu?
Dada, umeuliza kama rada inaweza kujua nyanya ameanguka chumbani bila kumwekea kamera. Inaweza. Umewahi kusimama Kondele matatu ikipita inapiga honi? Ikija sauti ni kali, ikishapita inakuwa nzito. Rada husoma badiliko hilohilo, ila kwa mawimbi ya redio: inayatuma, kisha inasikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwa mtu. Kwa rada ya gigahazi 24, mtu anayeijia kwa mita 1 kwa sekunde hupandisha masafa ya mwangwi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, kwa takriban hazi 160 (mitetemo 160 zaidi kila sekunde).

Utamu uko kwenye viungo. Kiwiliwili kinasonga taratibu, huku mikono na miguu ikienda mbele na nyuma kwa kasi zake, hivyo kila tendo linaacha mchoro wake wa masafa. Kuanguka ni mfumko wa ghafla, kisha kimya. Kuketi ni kupole zaidi, lakini mzee anayejibwaga kwenye kochi huichanganya programu inayosoma michoro hiyo, na hilo linanisumbua kweli.

Mtu akikatiza mbele ya rada badala ya kuijia, badiliko hupungua sana. Mimi ningeifunga ukutani juu ya kitanda, ikitazama mlango. Na mkiijaribu zimeni feni kwanza, nayo ina mchoro wake.