Jibu kwa mleta mada: ondoa EAGER kwenye klasi zako kabla hujauliza lingine lolote

Weka kando kwanza maswali yako ya urithi wa klasi na ya namna ya kuzalisha funguo msingi. Rudi kwenye sentensi uliyoitupia mwishoni mwa maelezo yako kana kwamba ni jambo dogo, uliposema kwamba hitilafu ya LazyInitializationException ilikusumbua, ukabadilisha mahusiano yote ya klasi ya Agizo yawe EAGER, yaani yapakiwe papo hapo kila mara, na sasa kila kitu kinafanya kazi. Hakifanyi kazi, kimenyamaza tu. Nimesikitika zaidi kuona wachangiaji wawili waliotangulia wamekupongeza, kwa maana hata sisi kazini kwetu tulifanya hivyo na tukapongezwa.

Umeeleza kwamba unatumia Hibernate (zana ya Java inayogeuza rekodi za hifadhidata kuwa objekti) kupitia JPA, kiwango cha Java cha kazi hiyo, na kwamba Agizo lina Mteja mmoja, orodha ya Vipengele, yaani vitu vilivyoagizwa, na orodha ya Malipo. Mpangilio wetu ulikuwa huohuo. Nasi tulianza kwa hitilafu hiyohiyo, tukamuuliza mshauri wa kiufundi aliyeletwa kutuongoza, mtu mwenye majibu mafupi kwa maswali marefu, naye akajibu bila hata kufungua msimbo wetu: "Wekeni EAGER." Laiti angetuuliza hitilafu ile ilikuwa inatueleza nini, nisingekuwa naandika haya.

Hitilafu ile ilikuwa na maana. Uhusiano ukiwa LAZY, Hibernate haileti rekodi za upande wa pili; huweka kibadala kinachosubiri kuguswa. Kikiguswa wakati sesheni, yaani kipindi cha mawasiliano na hifadhidata, ingali wazi, hoja ya SQL (ombi la data kwa hifadhidata) hutumwa na rekodi huja. Kikiguswa baada ya sesheni kufungwa, hakuna tena njia ya kuifikia hifadhidata, na ndipo unapopata ule ujumbe. Kwa maneno mengine, unaambiwa kwamba sehemu fulani ya programu inahitaji data ambayo hoja yako haikuiagiza. Dawa ni kuiagiza kwenye hoja hiyo. Kuweka EAGER ni kuiagiza kwenye kila hoja itakayowahi kuandikwa dhidi ya klasi hiyo, hata na mtu ambaye bado hajaajiriwa na ambaye anachotaka ni tarehe ya agizo tu. Ni sawa na kuomba sindano ukaletewa fundi, cherehani na wapangaji wote wa nyumba yake.

Tulipoweka EAGER kwenye orodha zote mbili, programu ilikataa kuwaka na ikatoa MultipleBagFetchException. Sijui wewe umeikwepaje. Nadhani moja ya orodha zako tayari ni Set, mkusanyiko usioruhusu marudio, na kama ni hivyo, soma kwa makini zaidi. Hibernate ilikuwa inatuonya kwamba haiwezi kuleta orodha mbili za aina ya List kwa mpigo mmoja bila kuchanganya mambo. Mshauri wetu akaja na jibu la pili, fupi kama la kwanza: tubadilishe List moja iwe Set. Tukabadilisha Vipengele, tukaacha Malipo yakiwa List. Programu ikawaka, tukaenda nyumbani tukiwa na furaha ya watu wasiosoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya programu.

Sasa angalia kinachotokea chini. Unapolitafuta agizo moja kwa ufunguo wake, Hibernate huunganisha jedwali la maagizo na majedwali yote ya mahusiano yaliyo EAGER katika hoja moja. Vipengele na malipo havina uhusiano wowote kati yao, kwa hiyo hifadhidata hulinganisha kila kipengele na kila lipo. Agizo lenye vipengele 3 na malipo 2 hurudisha rekodi 6. Agizo lenye vipengele 20 na malipo 5 hurudisha rekodi 100, ingawa rekodi halisi zinazohitajika ni 26 tu, pamoja na ya agizo lenyewe. Hifadhidata haijakosea chochote hapo. Imefanya kile ilichoombwa. Tatizo huanza Hibernate inaporudisha rekodi hizo kuwa objekti. Set haikubali objekti ileile mara mbili, kwa hiyo vipengele vilionekana sawasawa. List haina kizuizi hicho, kwa hiyo kila lipo lilijirudia ndani ya orodha kwa idadi ya vipengele vya agizo.

Sisi tulikuwa na methodi ndogo ndani ya klasi ya Agizo iliyojumlisha malipo ili kujua mteja anadaiwa kiasi gani. Mteja aliyenunua vitu vitatu na kulipa mara moja alionekana amelipa mara tatu. Mfumo, kwa uadilifu wake wote, ukahesabu kwamba mteja huyo ana ziada, ukamfungulia salio, na salio hilo likaandikwa kwenye hifadhidata kama deni letu kwake. Hapo si suala la ukurasa kufunguka taratibu tena. Ni data ya uongo iliyohifadhiwa, ikaendelea kutumika kwenye maagizo yaliyofuata, na kuisafisha kulitaka kupitia kila salio na kuamua lipi ni la kweli na lipi limezaliwa na List.

Utauliza kwa nini majaribio hayakuligundua. Majaribio tulikuwa nayo, asante kwa kuuliza, na yote yalipita. Kila agizo la majaribio lilikuwa na kipengele kimoja, kwa sababu aliyeyaandika alikuwa mtu mwenye kubana matumizi, na chochote ukikizidisha kwa moja kinabaki kilivyo. Jina lake silitaji, ila kiti anachokalia ndicho nilichokalia sasa.

Kilichozidi kutupoteza ni kwamba kurasa mbili za mfumo uleule zilitoa majibu tofauti. Ukurasa wa orodha ya maagizo ulionyesha jumla sahihi, na ukurasa wa agizo mojamoja ukaonyesha jumla iliyovimba. Mhasibu aliyeona tofauti hiyo aliambiwa kwamba huenda hasomi vizuri, jambo ambalo aliyemwambia alilazimika kulifuta kwa maneno yaleyale mbele ya watu walewale. Sababu ya tofauti ni kwamba orodha ilitokana na hoja ya JPQL, lugha ya JPA ya kuandikia hoja, na hoja ya JPQL haifuati njia niliyoeleza hapo juu. Hibernate hutuma kwanza SQL ya hoja kama ulivyoiandika, kisha inagundua kwamba kuna mahusiano ya EAGER ambayo hoja haikuyataja, na kwa kuwa iliahidi kuyaleta, inaanza kutuma hoja ya pembeni kwa kila moja. Malipo yakiletwa peke yake hayajirudii, ndiyo maana jumla ilikuwa sahihi.

Usahihi huo nao ulikuwa na gharama yake. Chukua orodha ya maagizo 100 ya wateja 100 tofauti. Hoja 1 huleta maagizo, hoja 100 huleta wateja, 100 huleta vipengele na 100 huleta malipo, jumla 301, na hapo bado sijagusa bidhaa iliyo ndani ya kila kipengele. Iwapo kila safari ya kwenda na kurudi kati ya seva ya programu na hifadhidata inachukua milisekunde 2, umeshatumia milisekunde 602 barabarani tu. Kwenye kompyuta yako, ambamo hifadhidata na programu zimekaa pamoja na maagizo hayazidi kumi, hutaona chochote.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nitairudia hata ukinichoka: klasi isiamue kinachopakiwa, hoja ndiyo iamue. Weka LAZY kwenye kila uhusiano, na uiandike waziwazi, kwa sababu JPA tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2006 huchukulia ManyToOne na OneToOne kuwa EAGER usipotamka lolote. Waandishi wa Hibernate wenyewe wanashauri LAZY katika mwongozo wao, lakini kiwango kilipitishwa hivyo, nasi tunaendelea kulipa ada ya uamuzi wa kamati. Kumbuka pia kwamba mlango huu unafunguka upande mmoja. Hoja ya JPQL inaweza kuongeza uhusiano ulio LAZY, lakini haiwezi kuuondoa ulio EAGER. Ukishaweka EAGER kwenye klasi, umewafungia mlango wote watakaokuja.

Kwa ukurasa wako wa agizo moja, andika hoja inayoleta agizo, mteja na vipengele kwa JOIN FETCH, amri ya kuleta uhusiano ndani ya hoja ileile, kisha ndani ya sesheni hiyohiyo andika hoja ya pili inayoleta agizo hilohilo pamoja na malipo yake. Hibernate inatambua kwamba agizo la hoja ya pili ni objekti ileile iliyokwisha kuipakia, na itayajaza malipo humohumo. Hoja mbili, rekodi hazizidishani, jumla inakuwa sahihi hata ukiacha List zote mbili zilivyo. Kwa ukurasa wa orodha usilete objekti kamili kabisa. Chagua safu unazozionyesha na uziweke kwenye klasi ndogo ya kusomea, na jumla ya malipo ihesabiwe na hifadhidata, ambayo ndiyo kazi yake. Jihadhari na jambo moja: usichanganye JOIN FETCH ya orodha na ugawaji wa kurasa. Hibernate italeta matokeo yote kwenye kumbukumbu ya seva, ikate ukurasa humo, na kukuachia onyo moja kwenye logi ambalo hakuna atakayelisoma.

Yule aliyekushauri uache sesheni wazi hadi ukurasa umalize kuchorwa, mwambie kwamba Spring Boot, mfumo wa kujengea programu za Java, tayari inafanya hivyo usipoizuia, na ndiyo maana watu wengi wanaoitumia hawajawahi kuiona hitilafu yako. Hoja zao zinatoka kimyakimya wakati wa kuchora ukurasa, mojamoja, mahali ambapo hakuna anayezihesabu. Mimi huzima mpangilio huo siku ya kwanza ya mradi ili hitilafu ijitokeze mapema, ikiwa bado ina aibu.

Usidhani pia kwamba ukihamia lugha nyingine umepona. Django ya Python inakupa select_related na prefetch_related, njia za kuyataja mahusiano ya kuletwa, kwa sababu ina ugonjwa huohuo. SQLAlchemy, nayo ya Python, ina raiseload, ambayo hukataza kabisa kupakia uhusiano ambao hoja haikuutaja, na Rails ya Ruby iliongeza strict_loading katika toleo la 6.1 kwa lengo hilohilo. Waliotengeneza zana hizi wote wamekutana na mtu kama mimi.

Kuhusu swali lako la urithi wa klasi, yaani namna ya kuhifadhi aina za malipo, tumia jedwali moja lenye safu ya kutofautisha aina, isipokuwa kama kila aina ina safu nyingi ambazo nyingine hazina. Maswali yako mengine yanaweza kusubiri.

Leo fanya hivi. Washa logi ya SQL, tengeneza agizo la majaribio lenye vipengele vitatu na malipo mawili, usiruhusu kabisa agizo la kipengele kimoja, kisha fungua ukurasa wake na uhesabu. Bandika hapa hoja zilizotoka pamoja na idadi ya malipo yaliyomo kwenye orodha. Hoja zikizidi mbili au malipo yakizidi mawili, weka na klasi ya Agizo ilivyo sasa, nasi tutautafuta uhusiano ambao bado unavuta wenzake.