Kabla hujaupima mkaratusi wa Blue Mountains, uliza pameungua lini

Kama umesomea misitu Olmotonyi, Morogoro au Londiani, mkaratusi unaujua: mti wa mistari, wa nguzo na kuni. Unapandwa, unakatwa, kisiki kinachipua, unasubiri tena. Ujuzi huo usiutupe, ila uweke pembeni kidogo ukija kusoma au kufanya kazi kwenye misitu ya mawe mchanga magharibi mwa Sydney, Australia. Huku mikaratusi haikupandwa na mtu. Eneo la Greater Blue Mountains, lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, lina zaidi ya hekta milioni moja na aina zipatazo 90 za mikaratusi. Swali la kwanza humo si kipenyo. Ni hili: pameungua lini, na moto uliotangulia huo ulikuwa lini?

Anza na ardhi. Mawe mchanga yakimomonyoka yanatoa udongo mwepesi usioshika maji, wenye fosforasi kidogo mno. Juu, kwenye mgongo wa mlima, utakuta miti mifupi iliyojipindapinda. Shuka korongoni, mwendo mfupi tu, na mashina yamenyooka kupita mita 40. Huko chini udongo ulioporomoka umerundikana, maji yanachuruzika kwenye nyufa za mwamba, na mahali pengine kuna tabaka la mwamba wa mfinyanzi katikati ya mawe mchanga. Na mtu asikushawishi kumwaga mbolea ili kusaidia miti ya juu. Mimea mingi ya hapa, hasa vichaka vya asili viitwavyo banksia, imezoea ufukara huo. Fosforasi ikizidi inaidhuru. Angalia makorongo yanayopokea maji ya mvua kutoka miji ya mgongoni: yamejaa magugu.

Kuna jambo ambalo sisi wa karibu na ikweta haliingii haraka kichwani: mteremko unatazama wapi. Kwetu jua la mchana linakaa karibu na utosi, tunajali zaidi upande unaopokea mvua. Sydney iko karibu nyuzi 34 kusini, jua la adhuhuri liko kaskazini mwaka mzima. Mteremko unaotazama kaskazini unakauka na kuwaka upesi; unaotazama kusini unabaki na unyevu. Fomu ya kiwanja cha sampuli ina nafasi ya kujaza hilo, na wageni wengi hubahatisha. Toa dira.

Sasa moto wenyewe. Mikaratusi mingi ya hapa haifi kwa kuungua. Wiki kadhaa baada ya moto utaona shina jeusi limeota majani kuanzia kitako hadi juu, kama mtu aliyevaa sweta ya kijani. Machipukizi hayo yalikuwa yamejificha ndani ya gome; mengine hutoka kwenye kiazi cha mti kilichofukiwa chini ya shina. Lakini si yote inayofanya hivyo, na hapa ndipo kazi ilipo. Eucalyptus oreades, mti mrefu wa gome laini na jembamba, moto mkali huwa unaua. Tegemeo lake ni mbegu zilizofungwa kwenye vikombe juu matawini, zinazodondoka kwenye majivu na kuota kwa wingi. Moto ukirudi kabla miche hiyo haijakua na kuzaa, miti hiyo inatoweka mahali hapo.

Ndiyo maana jimbo la New South Wales lina miongozo ya nafasi kati ya moto na moto. Kwa msitu mkavu wa vichaka ni miaka 7 hadi 30. Kwa msitu mrefu wa unyevunyevu wenye vichaka ni 25 hadi 60. Msitu wa mvua ulio chini kabisa korongoni haufai kuchomwa. Wapya huisoma 7 kama ratiba: miaka imetimia, tuchome. Siyo. Hiyo ni mipaka, na ndani ya mipaka hiyo unataka vipande vyenye umri tofauti. Moto wa Gospers Mountain, ulioanzishwa na radi Oktoba 2019, uliteketeza zaidi ya hekta 500,000, na sasa maeneo makubwa mno yana umri mmoja. Ukipewa ramani ya historia ya moto, tumia muda mrefu hapo kuliko kwenye jedwali la vipimo.

Mti mzee wenye matundu, ambao shambani ungeutia alama ya kukatwa, huku ni mali. Australia haina ndege wa jamii ya kigong'ota, kwa hiyo tundu linachongwa na kuvu, mchwa na moto, na tundu kubwa linaweza kuchukua zaidi ya karne. Humo anaishi greater glider, mnyama wa mfuko anayeteleza hewani usiku kutoka mti hadi mti, akila karibu majani ya mikaratusi pekee. Tangu 2022 yumo kwenye orodha ya taifa ya walio hatarini kutoweka. Kabla ya uchomaji wa mpango tunasomba majani na magamba yaliyorundikana kwenye vitako vya miti hiyo ili isiungue kwa ndani. Ila usile chakula chako chini yake. Mikaratusi huangusha matawi hata siku isiyo na upepo.

Viatu: sugua udongo wote kwa brashi, kisha nyunyiza spiriti, kila unapohama korongo. Kuna kijidudu cha udongo, Phytophthora, kinachosafiri kwenye tope na kuozesha mizizi. Na chini ya miamba iliyoinama kuna michoro ya wenyeji wa asili. Usiiguse, wala usiweke mzigo hapo. Hii ni nchi ya Wadharug na Wagundungurra, na ruhusa yao ni sehemu ya mpango wa kazi.

Kutambua aina kutakusumbua. Gome linakupa nusu ya jibu. Okota vikombe vya mbegu chini, hesabu vali zake, yaani vipande vya mdomoni vinavyofunguka kutoa mbegu, tazama kwa lenzi kama zimechomoza au zimezama, kisha inua macho uhakikishe havikudondoka kutoka mti wa jirani. Ukishindwa, andika "Eucalyptus sp." na uendelee na mti unaofuata.