Kwa mnaokuja kupima maji ya miti Tanga

Wadogo zangu, kila msimu mnakuja na ari ya kazi, halafu kipimo cha kwanza kinachukuliwa saa mbili baada ya chai, na kwenye fomu mnaandika "alfajiri". Tuelewane mapema.

1. Alfajiri ni kabla ya jua. Usiku stomata (vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke) zimefungwa, mizizi inaendelea kunyonya, na karibu na saa kumi na moja jani linakuwa limekaribia hali ya maji ya udongo. Jua likigusa kilele tu, jani linaanza kutumia akiba ya matawi na shina, mizizi ikifuata nyuma. Timu moja ilipima mitiki huko Muheza msimu mzima wa masika. Data ikaonyesha ukame, na udongo unatota! Cha ajabu, ukame ulizidi kadiri unavyopanda mlima. Wakaanza kuandika maelezo marefu kuhusu udongo wa mlimani. Nikaomba safu ya saa: kiwanja cha barabarani kilipimwa saa kumi na mbili na robo, cha juu kabisa saa tatu. Ukame ule ulifuata njia ya gari. Binti aliyeongoza timu alikata kurasa zote kwa kalamu nyekundu, kimya, na iliniuma, maana mikono yao ilikuwa safi na chemba ya presha (kifaa kinachobana jani kwa hewa kuonyesha maji yanavutwa kwa nguvu gani ndani yake) haikuwa na kosa lolote.

2. Funika jani kwa mfuko wa nailoni kabla ya kukata.

3. Adhuhuri mtiririko wa maji kwenye shina ukipungua, msikimbilie kufungua kifaa mkidhani kimeharibika. Hewa imekauka mno, mti umebana stomata. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa huishia hewani, kwa hiyo lazima ubane.

4. Shina husinyaa mchana na kuvimba usiku, sehemu ya milimita tu. Dendromita, kifaa cha kupima unene wa shina, isomwe saa ileile kila siku.

5. Mikoko ina hesabu yake. Maji ya bahari yako karibu na megapaskali -2.5 (kipimo cha presha; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo maji yanavyokuwa magumu kunyonywa), kwa hiyo mchu, aina ya mkoko, hata alfajiri hausomi karibu na sifuri. Mtafiti Scholander na wenzake, walipoitangaza chemba ya presha mwaka 1965, mikoko ilikuwemo. Tazameni jani la mchu kwa karibu: punje za chumvi zimelala juu yake, mti umezitoa wenyewe.

6. Mkonge si mti, lakini kila mwaka mnauliza. Hufungua stomata usiku. Kuupima saa sita mchana ni kubisha hodi duka lililofungwa.

Viwanja vikiwa vingi, gawaneni timu mbili, chemba mbili. Chemba ikiwa moja, punguzeni viwanja, na gari liondoke saa tisa usiku.