Kabla hujatuma pesa Rajkot, soma herufi ya sita

Mwaka niliofungua kinu cha kukamua alizeti hapa Singida niliagiza mashine mbili kutoka Rajkot, mji wa Gujarat uliojaa karakana za mashine. Bei nzuri, muuzaji ana adabu, kwenye WhatsApp anajibu hata saa sita usiku. Nikatanguliza asilimia 30, nikamalizia 70 kabla mzigo haujapakiwa. Mashine ya pili ilipofungwa, giaboksi ilipiga kelele siku tatu, ya nne ikang'oka meno. Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria za biashara za India, kwa hasira.

Nikatoa karatasi zangu zote nikazipanga mezani. Profoma ilikuwa na jina la kampuni. Pesa nilizituma kwenye akaunti ya ubia wa ndugu wawili. BL, yaani hati ya mzigo wa meli, ilionyesha mtumaji wa mzigo ni biashara ya mtu mmoja, mke wa mmoja wao. Kwangu mimi wote hao walikuwa "yule jamaa wa Rajkot". Kisheria ni watatu, kila mmoja na lake. Kampuni ikasema haikupokea hata rupia moja yangu. Ubia ukasema wao hawatengenezi mashine. Na ofisi ni moja, simu anapokea kijana yule yule!

Msingi wake uko kwenye Sheria ya Kampuni ya India ya 2013, kifungu cha 9: kampuni ikishasajiliwa inakuwa mtu anayejitegemea, inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Deni lake si deni la mkurugenzi. Wengi wetu tukiona "Pvt Ltd" kwenye ankara moyo unatulia. Mimi ulinitulia pia. Lakini kampuni binafsi ya kawaida India inahitaji wanahisa wawili na wakurugenzi wawili tu, na tangu 2015 hakuna kiwango cha chini cha mtaji. Ikiwa tupu, nyumba ya mkurugenzi huigusi, labda uthibitishe ulaghai. Ukidai mwenye biashara binafsi, au wabia walio chini ya Sheria ya Ubia ya 1932, mali zao wenyewe zinaingia kwenye deni. Kwa hiyo usidharau muuzaji asiye na kampuni. Ujue tu ni yupi kati ya hao.

Utamjuaje? Omba namba yake ya GST, kodi ya bidhaa na huduma ya India. Ina tarakimu na herufi 15. Mbili za mwanzo ni jimbo: 24 Gujarat, 27 Maharashtra, 33 Tamil Nadu. Kumi zinazofuata ni PAN, ambayo ni kama TIN yetu. Sasa hesabu hadi ya sita kutoka mwanzo wa namba nzima ya GST. Ukikuta C, ni kampuni. F ni ubia. P ni mtu binafsi. H ni familia ya Kihindu yenye mali ya pamoja, ambayo sheria ya kodi ya kule inaitambua kama mlipakodi. Kisha ingiza namba nzima kwenye tovuti ya GST ya serikali. Itakupa jina la kisheria, na kama usajili bado u hai.

Kampuni ina namba nyingine, CIN, ambayo sheria inataka iandikwe kwenye barua na ankara zake. Ndani yake mna mwaka wa kusajiliwa. Muuzaji wangu alijinadi kuwa yupo tangu 1994. CIN ikasema 2019. Hakunidanganya sana, duka la baba yake ndilo la 1994. Ila mimi sikununua kwa baba yake.

Kuhusu mkataba wenyewe, tuna bahati moja. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imechukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyowahi kutumika hapa Tanganyika. Wakili wa Dodoma aliniwekea zote mbili mezani: kifungu cha 10 kinafanana, cha 73 na cha 74 vilevile. Kwa hiyo wakili wako wa nyumbani anaweza kuusoma mkataba huo bila kubahatisha sana.

Kifungu cha 73 ndicho kilichoniuma. Fidia ni ya hasara inayotokana na uvunjaji kwa kawaida, au ile ambayo pande zote zilijua mapema kwamba itatokea. Mimi sikuwahi kumwandikia kwamba mavuno ya alizeti yanaanza Mei na nisipokamua wakati huo nimekwisha. Siku hizi naandika, tena kwenye oda yenyewe. Faini za kutisha nimeacha: kifungu cha 74 kinampa jaji nafasi ya kukupa kiasi cha haki tu, kisichozidi ulichoandika.

Angalia pia maandishi madogo chini ya ankara, yanayosema migogoro yote ni ya mahakama za Rajkot. Unaweza kuomba usuluhishi badala yake, India ina sheria yake ya 1996. Lakini tuseme kweli, kwa mashine mbili gharama za wasuluhishi zitameza mashine. Na kumtisha mtu kwa sheria ya ufilisi ya 2016 ni kelele tupu: tangu 2020 deni lazima lifike rupia milioni 10.

Kinachonilinda mimi ni pesa ambayo bado sijaituma. Oda ya mwaka jana, jina lilikuwa moja kwenye profoma, akaunti, GST na BL, na asilimia 15 ilibaki kwangu hadi mashine ikamue magunia 20 mbele ya fundi wangu. Muuzaji akaniuliza wakili wangu ni nani. Nikampigia picha ile giaboksi, iko stoo bado, juu ya magunia ya mashudu.