Uchambuzi wa nishati: uwekwe kwenye mkataba wa nani?

Ndugu, umeuliza iwapo mkataba wa msanifu wa jengo lako la ofisi hapa Kampala utaje uchambuzi wa matumizi ya nishati, yaani hesabu ya nishati ambayo jengo litatumia, au jambo hilo aachiwe mkandarasi. Uweke kwenye mkataba wa msanifu, tena uutake katika michoro ya awali, kwa sababu huku karibu na ikweta jua la asubuhi na la alasiri hupiga moja kwa moja kuta za mashariki na magharibi, na msingi ukishamwagwa zege mwelekeo wa jengo haugeuziki tena. Kifungu kinachosema tu "jengo litumie umeme kidogo" hakimbani mtu. Taja kipimo, yaani kilowati-saa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, pamoja na jengo la kulinganishia. Cheti cha EDGE, kwa mfano, ambacho hutolewa kwa majengo yanayookoa nishati na maji, hudai nishati ipungue kwa angalau asilimia 20 kuliko ya jengo la kulinganishia. Mkandarasi naye asiruhusiwe kubadilisha vioo, taa wala viyoyozi kabla hesabu haijarudiwa. Niliwahi kuona vioo vya kuzuia joto vikiachwa na kuwekwa vya kawaida, eti vile vimekwisha dukani. Ilipofika saa tisa alasiri, makarani walikuwa wamebandika magazeti madirishani.