Nguo hazinikai tena: nisubiri nipungue, au nitupe zote nianze upya?

SWALI

Shikamoo Fundi. Nina miaka 43. Kwa zaidi ya miaka kumi nilijisahau kabisa: kulea watoto, kazi, kisha kumuuguza mama. Nilikuwa navaa chochote kilichokuwa juu kabatini. Sasa nimepata nafasi na nataka nipendeze tena, lakini nikienda dukani natoka na machozi. Zamani nilivaa 12. Leo 16 inanibana nyongani na 18 inaning'inia mabegani. Nilimtumia picha mshauri mmoja wa mavazi wa mtandaoni. Akasema nina umbo la peasi, rangi zangu ni za majira ya vuli, nisivae mistari ya mlalo, nitupe nguo zote, ninunue kifurushi chake cha nguo 20 pamoja na mkanda wa kubana kiuno. Dada yangu naye anasema nisinunue kitu mpaka nipungue. Nimsikilize nani?

JIBU

Marahaba, dada. Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, ingawa dada yako angalau hakukutoza kitu.

Jambo lenyewe umeshalieleza, tena vizuri kuliko unavyodhani. "16 inabana nyongani, 18 inaning'inia mabegani." Kwa fundi hiyo ni taarifa kamili: juu wewe ni 16, chini ni 18. Hakuna cha ajabu hapo. Karibu kila anayesimama mbele ya kioo changu ana tofauti ya namna hiyo, ama juu na chini, ama bega la kulia na la kushoto. Nguo ya dukani hukatwa kwa mwili mmoja wa kufikirika, kisha huongezwa na kupunguzwa kwa hesabu ili zipatikane saizi nyingine. Hakuna aliyekupima wewe. Kinachonichosha katika kazi hii ni kwamba nguo ikikataa kumkaa mtu, haulizi nguo ina kasoro gani, anauliza mwili wake una kasoro gani.

Na hiyo 12 yako ya zamani, achana nayo. Namba ya kwenye lebo haipimi kitu. Nguo moja huandikwa 12 Uingereza, 8 Marekani, 40 Ufaransa na 44 Italia, na anayeivaa ni mtu yuleyule. Wamarekani waliwahi kujaribu kuleta utaratibu. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo (naam, Kilimo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na idara ya uchumi wa nyumbani) iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo zaidi ya 50. Kazi hiyo ilizaa kiwango cha taifa cha saizi mwaka 1958. Watengenezaji wakawa wanakikwepa kidogokidogo, na mwaka 1983 kikafutwa. Tangu hapo kila kampuni hujipangia yake, na nyingi zimekuwa zikipanua nguo huku zikiacha namba ndogo, maana mnunuzi akiingia kwenye namba ndogo hufungua pochi kwa furaha. Nguo ya saizi 8 ya miaka ya karibuni inakaribia 16 ya mwaka 1958. Kwa hiyo 12 ya kampuni moja ya miaka kumi iliyopita na 16 ya kampuni nyingine ya leo hazilinganishiki. Unalia kwa sababu ya namba iliyopangwa na watu wa mauzo.

Nunua futi kamba, jipime kwa sentimita, andika: kifua pale palipojaa zaidi, kiuno pale mwili unapokunjika ukiinama upande, nyonga pale makalio yalipotokeza zaidi. Pima juu ya nguo za ndani tu, futi kamba ilale sawa nyuma na mbele, na usijibane tumbo, kwa maana nguo utaivaa ukiwa unapumua. Vipimo hivyo ndivyo utakavyolinganisha na jedwali la muuzaji. Lebo usiisome.

Lakini kabla ya hapo, sidiria. Mtu aliyejisahau miaka kumi mara nyingi amevaa sidiria ileile miaka kumi. Kama mkanda wa mgongoni umepanda juu kuliko wa mbele, imelegea, haishiki tena. Kuna mteja aliniletea gauni akiwa na hakika kwamba tumbo ndilo limeliharibu, nilifungue kiunoni. Nikatazama mshono wa kando: umeshuka wima mpaka kwenye pindo, haukuvutwa mbele hata kidogo. Tumbo halikuwa na kesi. Mkunjo ulikuwa juu, unatoka kifuani kwenda kwapani, na zile pembe zilizoshonwa kifuani ili nguo ipate umbo zilikuwa zinaelekea mahali ambapo hapakuwa na kitu, kwa sababu matiti yalikuwa yameshuka pamoja na sidiria. Tulipokaza mikanda ya mabegani, sehemu kubwa ya tatizo ilikwisha kabla sijashika mkasi. Angekuwa amekwenda kwa mtu mwenye haraka, gauni lingefumuliwa kiunoni na likarudi limeharibika mara mbili.

Ndiyo maana nawaambia wateja wajifunze kusoma mikunjo. Mikunjo ya mlalo iliyokaza inasema pamebana: kitambaa kinapanda kutafuta sehemu nyembamba. Yako ya nyongani ni hiyo. Mikunjo inayoning'inia wima inasema kitambaa kimezidi. Mikunjo ya mshazari ifuate kwa kidole. Ncha yake moja huishia pale penye tatizo. Mshono wa kando ukivutwa mbele, tumbo linadai nafasi. Ukivutwa nyuma, ni makalio. Haya yote yanaonekana kwa macho, bila programu ya simu na bila mshauri.

Sasa simama upande mbele ya kioo, usijinyooshe. Miaka ya kuinama juu ya mtoto, juu ya meza ya kazi, juu ya kitanda cha mgonjwa, hupinda mgongo wa juu na kuleta mabega mbele. Mgongo wa namna hiyo unataka kitambaa kirefu zaidi nyuma. Blauzi iliyokatwa kwa mgongo ulionyooka itakuachia kola iliyojitenga na shingo na pindo lililopanda nyuma, na wewe utadhani umenenepa. Hapo uzito hauhusiki, na hata ukipungua kilo 15 kola haitarudi shingoni. Fundi anayejua kazi yake ataliona hilo kabla hujavua koti.

Nimefika kwa dada yako. Kusubiri upungue ndilo kosa ninaloliona kila wiki, na huwa linavaa sura ya busara. Mtu anavaa fulana iliyochoka mwaka mzima, wa pili, wa tatu, akimngojea mwanamke ambaye hajazaliwa. Na hata akipungua, mwili hautamrudishia umbo la miaka 30: umri na uzazi hubadilisha mahali nyama inapokaa, na kiuno huweza kupanuka bila mizani kusogea. Mwenye lengo la kupungua kwa ajili ya afya apungue, hilo ni jambo jema. Nguo haihitaji kungoja, kwa sababu nguo hurekebishika kama ilishonwa kwa kufikiria kesho.

Geuza ndani-nje gauni lolote la bei rahisi uone ukingo uliobaki baada ya mshono. Mara nyingi ni sentimita moja tu, imekatwa na kufungwa kwa ovaloki. Hapo hakuna cha kuongeza. Fundi anayekushonea anaweza kukuachia sentimita 2.5 kila ukingo. Nguo yenye mishono miwili ya kando ina kingo nne. Akifungua sentimita 1.5 kila ukingo, umepata sentimita 6 za mzunguko, na bado mshono una pa kushikia. Kuna kitambaa kitakachoonyesha alama ya mshono wa zamani au rangi iliyofifia, kwa hiyo hilo ulizia kabla. Kupunguza ni rahisi zaidi, ila suruali ukiipunguza sana kwa nyuma, zaidi ya kama sentimita 5 hivi, mifuko ya makalioni inaanza kukaribiana na inaonekana wazi kwamba nguo imekatwakatwa.

Kwa mwili wako, basi, acha kutafuta namba moja ya juu na chini. Blauzi, shati na koti nunua kwa bega. Papasa ncha ya bega mpaka uupate mfupa pale mkono unapoanza. Mshono uishie hapo. Bega ndilo linalonitesa mimi fundi: kulirekebisha ni kung'oa mkono mzima, kukata upya tundu la kwapa, kuushona tena, na gharama yake wakati mwingine inakaribia ya nguo mpya. Sketi na suruali nunua kwa nyonga, kisha kiuno kipunguzwe, kazi ndogo. Gauni la kipande kimoja ndilo litakalokusumbua. Shonesha, au tafuta lililokatwa kiunoni ambalo juu na chini hurekebishwa kila upande peke yake. Ukijaribu nguo dukani, keti, inua mikono, funga kamba za viatu. Ukisimama tu kama sanamu, karibu kila nguo hupendeza.

Na usitupe chochote bado. Zivae moja moja mbele ya kioo na utenge mafungu mawili: zile ambazo bega limekaa, na zile ambazo halikukaa. Fungu la kwanza lipeleke kwa fundi. Nguo nyingi ambazo watu huzitupa kwa hasira zilikuwa zinataka pindo jipya na vifungo. Anza na vitu vitatu au vinne unavyovaa kila siku, ukae navyo mwezi mmoja, ndipo utajua unachokosa. Leo bado hujui, na hiyo ndiyo hali ambayo wauza vifurushi wanaipenda.

Hao sasa. Nitasema bila kupaka sukari: mtu anayekutajia umbo kwa picha ya simu anabahatisha. Lenzi ya simu ikiwa karibu na ikishikwa usawa wa macho hukuza kifua na kufupisha miguu. Ishushe usawa wa magoti, mtu huyohuyo atatoka na miguu mirefu na kichwa kidogo. "Peasi" yako inaweza kuwa imetengenezwa na urefu wa aliyekupiga picha. Tena hata kama ni kweli nyonga zako ni pana kuliko mabega, hilo futi kamba lingekuambia bure, na lingekuambia kwa sentimita ngapi, jambo ambalo jina la tunda haliwezi.

Rangi za majira ndiyo hadithi inayouzwa zaidi. Johannes Itten, mchoraji wa Uswisi aliyefundisha Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, kuanzia 1919 hadi 1923, aliona kwamba wanafunzi wake huelekea rangi zinazowiana na sura zao. Lilikuwa ni jicho la mchoraji darasani, na baadaye biashara ikaligeuza kuwa vyumba vinne na kumfungia kila binadamu kimoja. Simu hurekebisha weupe wa picha yenyewe kulingana na mwanga: karibu na ukuta wa njano utatoka na rangi moja, kivulini utatoka na nyingine. Chukua vitambaa viwili, kaa karibu na dirisha mchana, weka kimoja chini ya kidevu, kisha kingine. Kimoja kitaonyesha macho yako, kingine kitajionyesha chenyewe. Utakiona mwenyewe, bila cheti cha mtu.

Mistari ya mlalo nayo imesingiziwa. Hermann von Helmholtz, mwanafizikia wa Kijerumani, aliandika tangu karne ya 19 kwamba mraba uliochorwa kwa mistari ya mlalo huonekana mrefu na mwembamba kuliko uliochorwa kwa mistari ya wima. Mwaka 2008 Peter Thompson wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, aliwaonyesha watu picha za wanawake waliovaa mistari ya aina zote mbili, na ile ya mlalo haikuwaonyesha wanene zaidi. Vaa mistari yako, ila bega likae.

Mkanda wa kubana kiuno haubadilishi umbo. Husogeza nyama laini kwa muda uliouvaa, na ukiuvua inarudi. Wakati huohuo unaminya tumbo, unaweza kupandisha asidi kooni na kukunyima pumzi ndefu. Na mtu akikupima au kukushonea ukiwa umeuvaa, nguo hiyo haitakukaa siku usiyouvaa. Wateja huja kwangu nao wakidhani wananirahisishia kazi. Nawaomba wakauvue kwanza.

Watu hawa wote, wa umbo, wa rangi, wa mikanda, humvizia mtu mmoja: aliyekuwa na mwaka mgumu na amejitazama kwenye kioo akaona aibu. Mtu huyo haulizi maswali, analipa ili aibu iondoke leo. Ukiona bei imetajwa kabla ya vipimo, au umeambiwa utupe vyote kabla hajaona hata kimoja, huyo ana mzigo anaotaka uondoke stoo kwake. Fundi naye ni wa kuchunguzwa. Anayekupima bila kuandika, au anayekuahidi "nitalipanua tu" bila kugeuza nguo aone ukingo wa ndani, chukua nguo yako uondoke.

Kuhusu hicho kifurushi cha nguo 20: kama hujalipia, usilipie. Kama umeshalipia, usikate lebo hata moja. Jaribu kila kipande kwa bega na kwa nyonga, bakiza vilivyokaa, vingine virudishe ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha, na umwandikie sababu kwa sentimita.